Daftari la Vilivyookotwa

Fomu ya likizo ilirudi dobi, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, imegongwa muhuri mwekundu, HAIKUBALIKI, tena imegongwa kwa nguvu hadi wino ukatokeza upande wa pili. Tarishi aliyeileta aliitupa mezani, juu ya shuka lililokuwa likipigwa pasi, akaenda zake. Shuka jeupe la mgeni wa ghorofa ya tano likapata doa. Kwa hiyo kabla mwenye fomu hajaisoma, fomu ilikuwa imeshamwongezea kazi.

Mwenye fomu alikuwa mpiga pasi wa meza namba nne. Kazini walimwita Kunyanzi, kwa utani, maana katika miaka kumi na moja ya kunyoosha mashuka ya hoteli ile hakuna kunyanzi hata moja lililovuka meza yake salama. Aliisoma karatasi mara mbili. Kisha akalitoa shuka taratibu, akalitumbukiza kwenye pipa la kufuliwa upya.

"Wamekataa?" aliuliza Kicheko wa meza namba tano, mwanamke mpana, mwepesi wa mdomo, aliyekuwa rafiki yake tangu wiki ya kwanza.

"Wamekataa. Kipengele cha tisa. Hakuna likizo miezi ya msimu wa wageni."

"Na baba mtoto je?"

"Anaingia Jumamosi. Tiketi imeshakatwa. Miaka mitatu, Kicheko! Miaka mitatu yuko huko kwa watu anachomelea mabomba, kapewa siku kumi na nne, na hizo siku kumi na nne hakuzichagua yeye."

Kicheko hakucheka, na hilo lilikuwa jambo la nadra. Alijua habari ya mtoto. Kila mtu dobi aliijua. Kibibi alikuwa na miaka minne, na baba yake alikuwa kwenye simu. Si kwamba alipiga simu. Kwa mtoto yule, baba alikuwa anakaa humo. Ukimuuliza baba yuko wapi, anakuonyesha simu ya mama yake iliyochomekwa ukutani, na anakuwekea kidole mdomoni kwamba usipige kelele, amelala. Watu walicheka walipokisikia kisa hicho. Kunyanzi naye alikuwa akicheka, zamani, kabla mtoto hajaanza kuifunika simu kwa kanga.

"Fomu haina mdomo," alisema Kicheko. "Panda juu ukaseme naye mwenyewe."

*

Juu kulikuwa na baridi ya mashine. Jasho la dobi lilimkaukia Kunyanzi mgongoni kabla hajafika mlango wa afisa utumishi, yule ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Sera akiwa hayupo na bosi akiwepo. Ofisini mlikuwa na kiti kimoja cha wageni, na kiti hicho kilibeba mafaili. Bwana Sera aliyatazama mafaili, akamtazama Kunyanzi, akaendelea kuandika. Kunyanzi akasimama.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Sema."

Alisema. Alieleza juu ya mume, juu ya mtoto, juu ya mama mkwe anayekaa mwendo wa siku nzima kwa basi, ambaye hajawahi kumshika mjukuu wake hata kidole. Walipanga waende wote watatu, wakae huko hizo siku zote, mtoto amzoee baba mbele ya mama. Alisema kwamba mwaka ule hakuwa amechukua likizo hata siku moja. Alisema yuko tayari kufanya kazi zamu mbili kabla ya kuondoka. Alipomaliza aligundua kwamba mikono yake, bila yeye kuituma, ilikuwa inanyoosha ukingo wa meza ya yule bwana.

Bwana Sera alifungua kabati, akatoa faili, akalilaza mbele yake lililofunguliwa tayari.

"Huu ni mkono wa nani?"

Kunyanzi aliinama. Ilikuwa sahihi yake.

"Wangu, bosi. Lakini hii ilikuwa karatasi ya chai."

"Ukurasa wa kwanza ni chai. Wa pili ni likizo. Wewe ulikuwa mwakilishi wa wafanyakazi wa dobi. Hukufunua?"

Hakufunua. Hapo ndipo alipojikwaa, na alijikwaa kwa niaba ya watu ishirini na sita. Mwaka aliotia sahihi hiyo mvuke ulikuwa ukiwaangusha watu, wawili walizimia katika wiki moja, na wenzake walimtuma apiganie chai na mkate saa nne asubuhi. Aliitwa juu, akaonyeshwa palipoandikwa chai na mkate, akafurahi, akatia sahihi pale alipoelekezwa. Alishuka ngazi kama bibi harusi. Walimpigia vigelegele.

"Na chai yenyewe mliikata mwaka jana," alisema.

"Chai ilisitishwa kwa sababu za gharama. Kipengele cha tisa hakikusitishwa."

"Kwa hiyo kilichokuwa chetu kimekufa, kilichokuwa chenu kinaishi?"

Bwana Sera aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Watu wa namna yake hawana haja. "Dada, mimi sikuitunga sera leo asubuhi ili nikukomoe wewe. Mwambie mumeo aombe mwezi mwingine."

"Yeye naye ana bosi wake. Na bosi wake naye ana sera."

"Basi huyo anajua kazi. Sasa sikia, kwa faida yako. Siku tatu mfululizo bila ruhusa ni mtu kujifukuzisha mwenyewe. Miaka yako yote inakwenda na maji, kiinua mgongo hakuna. Na meza namba nne haitalala wazi hata siku moja. Unajua ni barua ngapi za kuomba kazi ziko kwenye hilo kabati?"

Kunyanzi alilitazama kabati. Alisema ahsante bosi. Njia nzima ya kushuka ngazi alikuwa akijichukia kwa ile ahsante.

*

Jumamosi baba mtoto aliingia na sanduku moja na kikohozi. Alikuwa amekonda, mikono imejaa alama za cheche. Kibibi alimtazama kutoka nyuma ya mlango. Kisha akakimbia chumbani, akarudi na simu ya mama yake, akamnyooshea mgeni kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

"Ongea na baba," alimwambia.

Mwanamume aliipokea simu. Aliishika sikioni, hakuna aliyekuwa upande wa pili, akasema "haloo" kwa sauti iliyokatika. Mtoto akawa anatazama uso na simu, simu na uso, hesabu imemkataa.

Kunyanzi alimwambia mumewe habari ya likizo baada ya kula, na hapo ugomvi ukawaka.

"Miezi mitatu nimekwambia tarehe! Miezi mitatu!" alisema mume. "Ungeomba mapema."

"Niliomba siku ile ile uliyoniambia! Wameikalia fomu mpaka juzi. Ungeomba wewe mwezi mwingine!"

"Mimi? Mimi naitwa kwa namba kule! Unadhani wananiuliza?"

"Na mimi unadhani naulizwa?"

"Nimesafiri siku mbili kuja kuiona familia yangu, naikuta nusu!"

"Basi rudi ukailete hiyo nusu nyingine, maana hata wewe miaka mitatu ulikuwa robo!"

Maneno hayo yalimtoka, na hayakurudishika. Mume alikaa kitandani akashika kichwa. Hebu watazame: watu wawili wanaopendana wanatoana macho chumba kimoja, na wale waliowagombanisha hawapo, wamekaa kwenye baridi ya mashine, wala hawajui kwamba wamegombanisha mtu. Kamba hukatikia pembamba. Kibibi alikuwa pembeni anaifunika simu kwa kanga, amwachie baba apumzike na makelele yale.

"Jumatatu meneja mkuu anarudi safari," Kunyanzi alisema mwishowe, ametulia. "Nitasimama mbele yake niombe. Akikataa, nendeni nyinyi wawili. Mama asikose wote."

*

Jumapili mfuko wa nguo uliteremka dobi na kadi ya njano iliyoandikwa HARAKA. Nguo za wakubwa zilifuliwa bure, hiyo ilikuwa desturi, na mfuko huu ulikuwa wa Bwana Sera. Kunyanzi aliufungua mezani kwake. Akatoa mashati ya maua. Akatoa kaptura nne, kofia ya pwani ya mwanamke, nguo za kuogelea za watoto wawili, na koti jepesi.

"Ehee," alisema Kicheko, akaliinua shati moja la maua kwa vidole viwili. "Bwana Sera anakwenda kuchezea maji wapi na mavazi haya?"

Pale dobi hugusi koti kwa pasi kabla ya kupekua mifuko. Nayo sheria hiyo aliileta Bwana Sera mwenyewe, tangu pete ya mgeni mmoja ilipopotea na wafanyakazi wote wakavuliwa mpaka soksi. Siku hizi chochote kilichookotwa mfukoni, hata pini, huandikwa kwenye daftari jeusi: kitu gani, kimeokotwa wapi, cha nani. Na kila asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, msimamizi wa dobi husimama na kulisoma daftari neno kwa neno, asiwepo wa kusema hakusikia.

Kunyanzi alitia mkono mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliifahamu kabla hajaikunjua. Siku kumi na nne, kuanzia Jumanne. Katikati ya msimu, kifua mbele. Mwombaji: afisa utumishi. Aliyeidhinisha: afisa utumishi. Sahihi mbili, mkono mmoja.

Damu ilimpanda kichwani mpaka masikio yakawa yanavuma. Alitaka kuitia karatasi chini ya pasi. Alitaka kuiunguza kaptura moja pale pale kwenye makalio. Kicheko alimshika mkono.

"Usiunguze kitu, mwanangu. Sheria ni msumeno. Leta daftari."

Kunyanzi akaandika, kwa herufi za kusomeka vizuri: *Imeokotwa ndani ya koti la afisa utumishi: fomu ya likizo ya afisa utumishi, siku kumi na nne, kuanzia Jumanne hii. Ameomba mwenyewe, amejiidhinishia mwenyewe.* Kisha akazipiga pasi nguo zote za Bwana Sera, moja baada ya moja, mpaka nguo za watoto, na hakuacha kunyanzi hata mahali pamoja. Hasira yake ilikuwa na ufundi.

*

Jumatatu meneja mkuu alikuwepo kweli. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, aliyependa kusimama mbele kwenye mkutano wa asubuhi na kikombe mkononi. Bwana Sera alisimama kando yake. Msimamizi wa dobi, mzee waliyemwita Mzee Sabuni, alivaa miwani akafungua daftari jeusi, akaanza kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Chumba mia mbili na tatu, kitana kimoja. Chumba mia tatu kumi, funguo mbili na peremende. Ndani ya koti la afisa utumishi..."

Akasogeza daftari karibu na macho. Mzee Sabuni alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na mtu wa miezi mitano huwa mwangalifu. Alimtazama Kunyanzi juu ya miwani. Kunyanzi alimtazama naye, hakupepesa.

"Endelea mzee," alisema meneja mkuu.

Akaendelea. Alilisoma lote, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka.

Mtu mmoja wa jikoni, kule nyuma, akaguna, mwingine akakohoa kicheko, na Kicheko mwenyewe akasema "Loo!" kwa sauti ya kusikika mpaka mapokezi. Meneja mkuu aliomba ile karatasi. Aliisoma, akamgeukia Bwana Sera, ambaye uso ulikuwa umembadilika rangi.

"Kipengele cha tisa kinasemaje?"

"Madam, hiyo ni ya vitengo vya... mimi kwa nafasi yangu..."

"Sera ni ya wote. Likizo hii imefutwa."

Akaichana vipande viwili. Mkutano mzima ulilipuka. Watu walipiga makofi, wakapigana mabega, wapishi wakagonga masufuria waliyokuwa nayo. Kunyanzi naye alipiga makofi, machozi yanamtoka, kwa dakika nzima alisahau alichokuwa anakitaka. Alipokumbuka akanyoosha mkono.

"Na yangu, madam?"

"Yako ipi?"

"Likizo yangu. Iliyokataliwa kwa kipengele hicho hicho. Mume wangu kaja kutoka nje, ana siku chache tu, mtoto wetu hamjui..."

Meneja mkuu alimtazama kwa upole wa mtu aliyeridhika na nafsi yake. "Mama, si nimesema sera ni ya wote? Umeona mwenyewe nimemnyima hata yeye. Sasa hapo nani ameonewa?"

Makofi yalikufa.

Hiyo ndiyo haki ya wakubwa, jamani. Ukilalamika kwamba jirani ana sahani na wewe huna, wanaivunja sahani ya jirani, halafu wanakwambia haya, sasa mko sawa, toeni shukrani. Kunyanzi aliuteremsha mkono wake. Watu wakarudi kazini.

Saa tano Bwana Sera alishuka mpaka mlango wa dobi, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu siku ya pete. Nguo zake zilikuwa zinaning'inia pale, zimenyooka.

"Umefurahi sasa?" alisema. "Wanangu wanalia nyumbani. Walishafunga mizigo."

"Wanakulilia kwa sababu wanakujua," alisema Kunyanzi. "Wangu hana hata pa kuanzia kulia."

Na safari hii hakusema bosi.

*

Jumanne alfajiri aliwasindikiza kituoni. Kibibi alipanda basi na yule mgeni kwa kuwa mama alimwambia apande, na alipanda amemshika kidole kimoja tu, cha mwisho. Mume alishusha kioo.

"Njoo," alisema.

"Nikija, kazi itabaki? Miaka kumi na moja niitupe?"

"Sijasema utupe. Nimesema njoo."

Basi likaondoka. Saa moja kamili alikuwa mezani kwake.

Alhamisi, saa nne asubuhi, saa ile ambayo zamani ilikuwa ya chai, simu ilimtetemekea ndani ya aproni. Simu zilikatazwa kwenye meza, akaingia stoo ya sabuni. Kwenye kioo alimwona mama mkwe kwanza, uso mzima na meno mawili.

"Mkwe wangu! Kitanda nimewatandikia watatu, mbona naletewa wawili?"

"Kazi, mama. Nisamehe."

"Kazi gani hiyo haina mama wala mtoto?"

Kisha simu ikayumba, akaona dari, akaona mti, akamwona mume wake amelala mkekani, na juu ya kifua chake, kama paka aliyepata jua, amelala Kibibi. Mtoto alikuwa amemshika baba yake sikio. Alilishika kabisa, kwa mkono mzima, la mtu wake. Siku mbili tu. Kumbe kilichokuwa kinatakiwa kilikuwa siku mbili.

"Mama!" Kibibi alisogeza uso mpaka pua ikajaa kioo. Alimchunguza. Alitazama nyuma ya simu, akarudi mbele. "Mama, na wewe umehamia kwenye simu?"

Watu wa kule walicheka. Mume hakucheka.

"Utakaa humo siku ngapi?" aliuliza mtoto. Halafu, kwa kuwa alikuwa amefunzwa adabu, akanong'ona: "Basi lala. Nakufunika." Kioo kikawa cheusi, kikawa na maua ya kanga, na sauti zikasikika kwa mbali, wakimwita akale.

Kunyanzi alisimama kati ya madumu ya sabuni. Hakulia, alikuwa ameshavuka huko. Alirudi mezani akalimalizia shuka alilokuwa amelianza, maana mkono wake haukujua kuacha shuka nusu. Alilikunja mara nne. Akazima pasi. Akafungua kamba za aproni, akaikunja nayo, akaweka kadi yake ya kazi juu, akavuta daftari jeusi.

"Unaandika nini?" aliuliza Kicheko, pasi imemsimama mkononi. "Dada, hebu tulia. Hasira hasara."

"Hasara ninayo tayari, Kicheko. Nilichokuwa sina ni hasira."

Mzee Sabuni alikuja kuona kwa nini meza namba nne haitoi mvuke. Alivaa miwani, akasoma juu ya bega lake: *Imeokotwa meza namba nne: aproni moja, kadi ya kazi moja. Mwenyewe amekwenda likizo yake, siku nane zilizobaki.*

"Mwanangu," alisema polepole, "hili nalo nilisome kesho mbele ya watu wote?"

"Lisome kama lilivyo, mzee. Hata pini husomwa."

"Watakupa siku tatu. Ya nne meza hii ina mtu."

"Najua." Alikuwa ameshaufikia mlango, mkoba begani, maana basi la saa sita lilikuwa halisubiri mtu, lakini miaka kumi na moja ni miaka kumi na moja. Akageuka. "Mwambie huyo atakayepewa meza, mzee. Kabla hajatia sahihi popote, afunue ukurasa wa pili."